Mchicha wa Bi Umi

Asubuhi ile Umi alitoka uani na birika la maji mkononi, akakuta mchicha wake wote umelala kifudifudi.

Jana tu miche ilikuwa na majani mawili mawili, na yeye aliita majirani waje waione. Sasa mizizi ilitazama juu, majani yamefukiwa, na tuta zima limepekuliwa utafikiri mtu alidondosha pete ya dhahabu akawa anaitafuta kwa kucha. Haukuliwa. Paka hali mchicha. Ulifukuliwa tu, na mmoja wa wafukuaji alikuwa bado yupo, paka wa rangi ya majivu, amejilaza katikati ya tuta akilamba mguu wake. Alipomwona mwenye nyumba hakukimbia. Alimtazama, kisha akaendelea na mguu.

"Toka," Umi alimwambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa mkaza mwanawe alikuwa amelala chumba cha pili. "Toka, usiye na haya."

Paka akaondoka taratibu, akapanda ukuta, akapotelea kwa jirani. Umi alichutama akajaribu kusimamisha mche mmoja mmoja kwa vidole. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta.

Wapo watakaocheka. Mwanamke mzima, mwenye mvi, analilia mchicha? Analilia, tena ana haki. Kudhaa ni kisiwa cha mchanga na mawe ya matumbawe, na maji ya kisima chake ukiyaonja utajua bahari haiko mbali. Udongo wa tuta lile haukuwa wa kisiwani. Fumo, mwanawe, aliuleta kwa boti kutoka bara, gunia kwa gunia, siku ambazo angekuwa anavua. Na siku miche ilipochomoza, kijani juu ya weupe wote ule, Fumo huyo huyo asiyeshtuka hata kwa papa alivua kofia akasimama akiitazama. Hakuna kati yao aliyewahi kuona kitu kikiota pale. "Subhanallah," alisema.

Wala haukuwa mchicha wa kujifurahisha. Zuleikha, mke wa Fumo, alikuwa mjamzito, na damu yake ilikuwa ndogo. Daktari wa Kismayo alimfunua jicho, akamtoboa kidole, kisha akamgeukia Umi maana ndiye mkubwa. "Ale samaki, ale na majani mabichi kila siku. Mtamrudisha nimpime tena. Damu isipopanda atabaki hapa mjini mpaka ajifungue, na mtafute watu wa kumtolea damu." Vidonge alipewa, lakini havikukaa tumboni, na hilo nyumba nzima ililijua. Mboga za Kismayo zikifika Kudhaa kwa boti huwa zimeshakuwa manjano. Na mimba ya kwanza ya Zuleikha ilitoka ndani ya boti, kabla hawajaiona hata minara ya Kismayo. Umi ndiye aliyemshika kichwa siku ile. Samaki walikuwepo, Fumo alileta wazuri kuliko wote. Kilichokosekana ni majani.

*

Umi alimkuta Wardah kisimani, mbele ya wanawake wenye ndoo zao, na hakungoja wafike nyumbani. Wardah ni mjane, jirani wa ukuta kwa ukuta, amemzidi Umi umri kidogo, na paka wote wa mtaa ule hulala kwake.

"Bi Wardah, paka wako wameniulia mchicha."

"Paka si wangu. Ni wa Mungu. Mimi nawapa maji tu."

"Wawapa na majina."

Wanawake wakacheka kidogo. Wardah aliteremsha ndoo kisimani bila haraka yoyote.

"Nawapa majina, ndiyo. Huyo wa majivu aitwa Sultani. Lakini nikwambie jambo, Umi, kwa kuwa umeanza wewe. Paka hawa siku hizi hawali kwangu. Nachemsha vichwa vya samaki, nawaita, waja wakanusa, waniangalia utasema mimi ndiye ombaomba, kisha waenda zao kwako. Wamenenepa, manyoya yang'ara. Sasa nani amlishia nani hapa?"

"Nilishe paka, na mimi nina mgonjwa ndani?"

"Basi watakuwa wamependa mchicha," Wardah alisema. "Sisi wachu wa Kudhaa, sisi watu wa bahari, tumeishi na samaki wetu tangu mababu, hatukudai majani. Wewe ulikwenda ukakaa Mombasa, ukaturudia na mambo ya mbuzi."

Safari hii wanawake walicheka kweli. Umi aliona uso unamchoma. Alitaka kusema kwamba si yeye anayekula majani, kwamba ni damu ya mtoto, lakini habari ya damu ndogo ya mkaza mwana si ya kutangazwa kisimani. Alijitwika ndoo iliyojaa nusu, akaondoka, na nyuma yake akamsikia mmoja akiigiza sauti ya mbuzi.

*

Fumo hakuwa mtu wa maneno. Alisikia habari ya kisimani, akaenda kibandani akatoa jarife la zamani, ule wavu mnene wa kuvulia papa alioutumia baba yake kabla yake. Akaupigia vigingi, akauzungusha tuta lote, na juu akaufunika.

"Papa hapiti hapa," alisema. "Paka atapita wapi?"

Umi naye hakukaa. Alipanda mbegu upya, na safari hii aliamua kuipa ardhi chakula cha kutosha. Tangu mwanzo alikuwa akifukia matumbo ya samaki chini ya miche. Sasa alifukia na vichwa, na mapezi, na magamba. Maji ya kisima ni ya shida, kwa hiyo tuta alilimwagilia maji aliyokoshea samaki, lisipotee hata tone. Jamani, nani atamlaumu? Kila alichokijua maishani mwake kuwa chamlisha mtoto kikamkuza kilitoka baharini, na chote alikitia katika tuta lile.

Asubuhi yake paka walikuwa wengi kuliko siku zote. Walikuwa juu ya wavu, walikuwa chini ya wavu, walikuwa ukutani wakingoja nafasi. Walikuwemo wa mtaa wa pili, na mmoja asiye na sikio ambaye Fumo aliapa kwamba humwona kule yanakolala maboti, upande mwingine kabisa wa kisiwa. Mmoja alinasa katika matundu, na Fumo alipokuwa akimkatia kamba alichanwa kucha mpaka kiwikoni. Umi alisimama mlangoni, na hasira yake ikachanganyika na hofu. Mbona wanazidi? Amefunga, wanazidi. Amefunika, wanazidi. Alisoma Ayatul Kursi kimyakimya, maana lililokuwa mbele yake hakulielewa.

Zuleikha aliyaona yote kwa dirisha la uani. Alirudi nyuma, akaketi kitandani, akaziba pua kwa pembe ya mtandio. Yeye alielewa.

*

Sasa niseme ya Zuleikha, wala asihukumiwe haraka.

Baba yake huuza nguo mjini Kismayo. Siku alipoolewa na mvuvi, shangazi yake Fumo alisema mbele ya wageni wote, akicheka: "Huyu wa madukani ataziba pua kabla ya Ijumaa." Zuleikha aliapa moyoni kwamba hakuna atakayemwona ameziba pua, na hakuna aliyemwona. Alijifunza kupaa samaki, alijifunza kuanika ng'onda, alijifunza kulala ubavuni mwa mume aliyetoka baharini. Tena aliyapenda yote hayo, mpaka mimba hii ilipoingia na pua yake ikafunguka. Shombo aliyokwisha kuizoea ikawa haina pa kuikimbia. Aliisikia katika sufuria iliyooshwa. Aliisikia katika shuka, na ndani ya chai. Fumo mwenyewe, Zuleikha alimnusa kabla hajamsikia mlangoni.

Kila adhuhuri Umi alimletea sahani, wali na kipande cha nguru kilichochaguliwa, cha mgongo, kisicho na miba mingi. Kwa desturi ya nyumba ile mkaza mwana hatazamwi akila. Umi huiweka sahani mkekani, akatoka, akateremsha pazia. Zuleikha husikiliza nyayo mpaka ziishe, akainuka, akamimina samaki dirishani. Paka walikuwa chini wanamngoja, Sultani mbele yao. Wali wenyewe, ule usiogusana na samaki, alikula matonge mawili matatu, na miba michache aliibakiza pembeni mwa sahani ionekane.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mama. Alhamdulillahi."

Umi hurudi jikoni amefurahi, na furaha ile ndiyo iliyomfunga Zuleikha mdomo. Angemwambiaje? Mama huyu amekubali mwanawe aache kuvua akabebe udongo kwa ajili yake. Amwambie nyumba yako yaninukia, chakula chako nakitupa, na bustani yako ndiyo inayoita paka wa kisiwa kizima? Akisimama ghafla kuta zilimzunguka. Alishika nguzo ya kitanda akangoja zitulie, na hakumwambia mtu.

*

Miche ya pili nayo ilipofukuliwa, Umi alikwenda dukani akanunua dawa ya panya.

Ilikuwa baada ya alasiri, Fumo yuko baharini. Umi alikaa jikoni na bakuli la dagaa mbele yake, na alijua vizuri anachofanya. Kila mtoto wa Kiislamu husimuliwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka mmoja tu aliyemfungia bila chakula. Umi alisimuliwa, naye akamsimulia Fumo. Alisema astaghfirullah, akamimina. Akasema tena, akakoroga kwa kijiti. Alijiambia kwamba kuna mtoto wa mwanawe upande huu na paka upande ule, na Mungu mwenyewe anaona. Halafu akakumbuka kwamba Mungu mwenyewe anaona, akasema astaghfirullah mara ya tatu.

Zuleikha alikuja kutafuta maji ya kunywa, akaiona pakiti.

"Mama, ni nini hiyo?"

"Rudi ukalale. Haya si yako."

"Ni ya paka?"

Umi aliinuka na bakuli lake. Zuleikha alisimama katikati ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile hakumpisha mavyaa wake.

"Nipishe, Zuleikha."

"Hawana kosa, Mama. Mimi ndiye ninayewalisha."

"Wewe?"

"Samaki unaoniletea. Nawatupia dirishani." Alisema haraka, macho chini, kwa kuwa akinyamaza asingeanza tena. "Sijala samaki tangu tumbo hili lianze. Siwezi. Nasikia shombo kila mahali, mpaka usingizini. Na bustani, Mama. Wavu ule wanuka shombo, na udongo, na maji unayomwagilia. Mumefukia samaki, mukamwagilia samaki, mukazungushia wavu wa samaki. Paka hawakuja kwa mchicha. Tumewaita sisi."

Umi aliweka bakuli chini. Kwa jirani paka mmoja alilia mara moja akaacha.

"Siku zote hizi umekuwa ukila nini?"

"Wali kidogo. Na chai."

"Chai," Umi alisema. "Na nikikuuliza wasema umekula."

"Nilikuonea haya, Mama."

"Ulinionea haya." Alimtazama mkaza mwanawe kama aliyeletewa mtu mgeni. "Nilikushika kichwa ndani ya boti ile. Ulinilowesha damu mpaka magotini, tukalia wawili, tukazika wawili. Na bado ukanionea haya, kwa ajili ya samaki."

Zuleikha alilia. Umi alikuwa na hasira ya kumtia kibao, na papo hapo alitaka kumbeba mgongoni kama mtoto, na hakufanya lolote katika hayo mawili. Alichukua bakuli akaenda nalo chooni, akalimwaga shimoni, na bakuli lenyewe akalitupa humo. Alipotoka aliegemea ukuta. Alichokuwa anakiwaza ni kwamba samaki wote wale aliowachambua miba kwa mikono yake, akimhesabia mjukuu damu kila kipande, wamekwenda matumboni mwa paka.

*

Fumo aliporudi, Umi alimwita uani, akamtia kipande cha jarife puani.

"Lanuka?"

"Lanuka nini?"

Umi alinusa mwenyewe. Hakusikia kitu. Akamwita Wardah kwa juu ya ukuta, na Wardah akaja amejifunga leso kiunoni, tayari kwa ugomvi. Akapewa wavu anuse.

"Kamba," alisema. "Wanuka kamba tu."

Hao ni watu watatu wazima, waliozaliwa na shombo puani, wakakua nayo, wakaoa na kuolewa nayo, na hakuna hata mmoja aliyeisikia. Zuleikha alikuwa mbali nao, kwenye kona ya ukuta, amejipinda, mkono mdomoni.

Wardah hakuamini. Alirudi kwake akaja na bakuli mbili za bati zilizofanana, akazishika nyuma ya mgongo. "Moja nilitilia samaki juzi," alimwambia Fumo kwa kunong'ona, "nikaisugua kwa mchanga, nikaisugua na sabuni, nikaianika juani. Hata mimi siijui sasa ni ipi, ila ina alama chini." Akazitoa mbele.

"Ya kulia," Zuleikha alisema kutoka kule kule alikosimama.

Wardah aliipindua. Alama ilikuwepo. Akaitazama bakuli, akamtazama msichana, akaitazama bakuli tena.

"Subhanallah," alisema taratibu. "Huyu mtoto aliye tumboni ana kazi gani na sisi?"

Kuanzia hapo ikawa Zuleikha anatembea mbele na wao watatu wanamfuata nyuma. Alipita nyumba yote. Akiunyooshea kidole mkeka, Fumo anautoa. Akiunyooshea kidole mwimo wa mlango, pale Fumo anapoegemea kila siku akivua nguo za kazi, Umi anasogea kuutazama, ananusa, hasikii kitu, anashangaa. Alikinyooshea kidole chungu, na kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, na mto wa kulalia. Mambo yalikuwa mbele yao miaka yote na hawakuyaona, na anayeyaona ni mwanamke asiye na nguvu ya kusimama vizuri.

"Na mimi?" Fumo aliuliza mwishoni.

Zuleikha aliinamisha uso. "Wewe zaidi."

Wardah alicheka mpaka akakaa chini. Alipotulia, Umi alimsogelea.

"Bi Wardah, nisamehe. Leo nilikaribia kutenda jambo kubwa."

"Najua. Mwenye duka ni mpwa wangu, alinipigia simu ulipotoka tu. Paka wote nimewafungia ndani tangu alasiri. Chakula nimewapa, usinitazame hivyo. Wamenichania pazia lote."

*

Nyumba ilipinduliwa. Jarife lilirudi kibandani, udongo wote ulichotwa ukatupwa pwani, na Fumo akaenda bara kuleta mwingine. Samaki alihamishiwa kwa Wardah: huko anapaliwa, huko anapikwa, huko analiwa. Fumo akitoka baharini haingii kwake kwanza. Anapitia kwa Wardah, anaoga, anajisugua ndimu, anavaa nguo zinazomngoja huko, ndipo anabisha hodi mlangoni mwake mwenyewe. Kisimani wakasema Fumo ameoa mke wa pili na amempata mzee. Umi aliwaacha wacheke mpaka wachoke.

Zuleikha alikula maharage ya nazi na mayai ya kuku wa Wardah, katika chungu kipya kisichowahi kuona samaki. Na pazia liliondolewa. Umi aliketi mbele yake, ana kwa ana, akatazama tonge likiingia na akangoja mpaka limezwe. Desturi ya kutomtazama mkaza mwana akila ni nzuri, hakuna anayeikataa, lakini Umi alisema itarudi baada ya arobaini ya mtoto.

Yakabaki maji. Maji ya kukoshea samaki hayafai tena, na ya kisima hayatoshi. Ni Wardah aliyesema: "Mara tano kwa siku twamwaga maji mchangani. Kwa nini?" Basi wakawa wanatawadhia pale pale, ukingoni mwa tuta, Umi na Wardah na Fumo aliyekwisha kujisugua ndimu, na maji ya udhu yanatiririka kutoka mikononi na miguuni kwenda kwenye mbegu. Watu wa mtaa walisikia, na wengine wakaja kutawadha hapo, hata waliokuwa wakiigiza mbuzi. Kati ya mche na mche walipanga vipande vikali vya matumbawe, kwa kuwa Wardah anajua nyayo za paka hazipendi ncha. Uzio hawakuweka.

Miche ilipotoka, Umi hakulala vizuri. Baada ya sala ya alfajiri wote wanne walikusanyika dirishani. Mchicha ulikuwa wazi, bila wavu, bila kijiti, majani mawili mawili, na ukuta ulikuwa umeshajaa paka.

Sultani alishuka wa kwanza. Alikuja mpaka chini ya dirisha, akainua uso, akamngoja Zuleikha. Zuleikha hakuwa na kitu. Paka akasubiri sana. Halafu akageuka akaenda kwenye tuta, na Umi akamshika Fumo mkono pale pale penye makovu ya kucha. Sultani aliweka mguu juu ya jiwe, akauinua. Akauweka tena, akauinua. Akainama akanusa udongo, pua karibu kabisa na mche, akanusa na wa pili. Wale wengine walikuwa wameshuka, wamesimama nyuma yake. Kisha akazunguka tuta, akaruka ukuta kurudi kwa Wardah, ambako vichwa vya samaki vilikuwa vinachemka, na wote wakamfuata, mmoja mmoja, hata yule asiye na sikio.

Hakuna aliyewafukuza, hakuna aliyepaza sauti. Uani palibaki mchicha peke yake. Kwa siku zote alizopigana Umi alikuwa amefikiri ulinzi ni kufunga, na sasa tuta liko wazi kwa yeyote, na limepita salama mbele ya macho yake. Aliswali rakaa mbili za shukrani na hakumaliza bila kulia.

Mchicha ulikua. Nasema ulikua, na anayebisha aulize Kudhaa. Ulifika gotini, majani mapana, na kila ulipochumwa ulichipua tena. Zuleikha aliula asubuhi na jioni, na Umi akitazama.

*

Siku ya kwenda kupimwa walikwenda Fumo na Zuleikha. Umi alibaki, maana lazima mtu atawadhie tuta. Lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa boti na aliogopa uso wa daktari. Alishinda uani na simu mapajani, hakula, na Wardah alikaa naye.

Simu ililia adhuhuri imepita.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Zuleikha. "Imepanda."

"Sema tena."

"Damu imepanda, Mama. Daktari amesema sina haja ya kubaki. Nirudi nyumbani, nije tena karibu na siku zangu."

Umi alimtazama Wardah akatikisa kichwa kukubali, na Wardah akainua mikono miwili juu na kusema alhamdulillahi mara nyingi, kwa sauti ndogo.

"Umekula?" Umi aliuliza. Ndilo neno pekee lililopatikana.

"Tulikuwa kwa binamu yake baba. Walijaza watu, Mama, wakaniandalia sinia la samaki mzima, wakaliweka mbele yangu. Wamehangaika nalo tangu asubuhi."

Umi alishika simu kwa mikono miwili. "Ukafanyaje?"

Kelele za mji zilisikika nyuma yake.

"Nikawaambia siwezi," Zuleikha alisema. "Mbele yao wote. Nikasema nisameheni, harufu hii yanitapisha, naomba mayai."

Umi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Wardah akimshika bega akitaka kujua nini tena kimetokea.

"Rudi," alisema mwishowe. "Rudi, mwanangu, uje uniambie na mengine."